Usiagize kitabu kwa kusifiwa mwisho wake tu

Mkuu simamisha hiyo oda kwanza. Unasema unataka nakala mbili za The Silent Patient, jalada gumu, moja yako na moja ya mchumba wako ambaye hajawahi kusoma thrila, yaani riwaya za taharuki, kisa kila mtu anasema ule mwisho hautausahau, halafu unauliza Dar zinapatikana wapi kwa bei nzuri na kama aanze na hicho au kingine. Usitoe hata shilingi. Mimi nilitoa, na sikutoa peke yangu, niliwaburuza na wenzangu.

Kazini tulikuwa na kikundi cha kusoma, watu wachache tu, mhasibu, dada wa mapokezi, na dereva mmoja anayetushinda wote kwa kusoma. Tulikuwa tunazungushiana vitabu vya mtumba, mambo yanaenda vizuri kabisa. Nikaja kuona video ya dada mmoja amekikumbatia hicho kitabu, machozi yanamtoka, anasema usiku kucha hajalala, nikaamini mzima mzima nikawashawishi watu tuchange tuagize nje, kila mtu na nakala yake mpya. Watu walitoa hela za matumizi ya nyumbani jamani, na gharama ya kusafirisha nayo ikaja juu yake. Halafu kila tukikutana nawaambia subirini mwisho, subirini mwisho.

Hapo ndipo nilipoharibu. Mtu ukishamwambia kuna kitu cha kushtukiza mbele hasomi hadithi tena, anapekua, kila mhusika akitokea anamkagua kama mlinzi wa getini. Dereva alifika katikati akaniambia anavyodhani itaisha, alikuwa amepatia sehemu kubwa, akakiweka chini na hakukirudia. Mhasibu alimaliza, akaja mezani kwangu akauliza, "Ndiyo hii uliyokuwa unatusubirisha?" Baada ya hapo hakuna aliyetaka kuchagua kitabu kingine wala kuchanga tena. Kikundi kikafa. Hela zitarudi, wale watu kukaa pamoja na kitabu haijarudi mpaka leo na bado inaniuma.

Na kitabu chenyewe kinaanza vizuri, hilo silikatai. Alicia ni mchoraji London, anampiga mumewe risasi tano usoni, na tangu siku hiyo hasemi neno, jibu lake pekee ni picha aliyojichora na kuiita Alkestis, jina la mke wa kwenye tamthilia ya zamani ya Mgiriki Euripides. Nani asiyetaka kujua huyo mwanamke ana nini moyoni? Sasa humjui! Unapewa Theo, mtaalamu wa tiba ya akili anayeacha wodi na kwenda kuhoji ndugu na marafiki wa mgonjwa mmoja mmoja utadhani askari wa upelelezi. Shemeji anatiliwa shaka, binamu anatiliwa shaka, mwenye jumba la sanaa naye hivyo hivyo, kisha wanaachwa wananing'inia. Shajara ya Alicia ina mazungumzo marefu neno kwa neno, nani anaandika shajara hivyo? Kwangu mimi kila kitu mle kinausubiri mwisho, na ulipofika sikuwa na mtu wa kumlilia.

Yule dada wa video sasa. Baadaye nikaja kuona maelezo yake kwa chini, kitabu alipewa bure, na ukinunua kupitia linki yake anapata kamisheni. Sawa, ni kazi yake, lakini si angetamka mwanzoni? Kwa nini machozi yawe juu na kamisheni ijifiche chini kabisa?

Linganisha na Gone Girl, thrila ya Gillian Flynn ya 2012. Mgeuko wake mkubwa uko karibu katikati ya kitabu, na bado unaendelea na nusu nzima iliyobaki kwa sababu Nick na mkewe Amy wenyewe wanakushika. Au chukua Bwana Msa wetu wa Muhammed Said Abdulla, yule mpelelezi na kiko chake, unajua fika mwishoni atafumbua fumbo ila unarudi kumsoma hata ukiwa umeshajua jibu, maana raha iko kwake yeye anavyozungumza na anavyoona watu.

Kwa hiyo kabla hujalipa, angalia wanaokisifia wanasifia nini. Wakitaja mhusika, wakitaja tukio la ukurasa wa kati, wakitaja lugha, endelea. Wote wakiimba mwisho tu, mwisho tu, achana nacho au uazime kwa mtu.

Leo usiku pakua ile sampuli ya bure kwenye simu, soma na mchumba wako sura za mwanzo, usimwambie lolote kuhusu mwisho, nasema tena, lolote. Kesho yake mwache aongee mwenyewe. Asipomtaja Alicia bila kuulizwa, futa oda.