Mtoto kaanguka kwenye nyumba ya likizo: mwenye nyumba anawajibika?

Pole sana dada, mtoto apone haraka. Unasema mwanao wa miaka minne alipenya katikati ya vyuma vya roshani akavunjika mkono, na mwenye nyumba anakujibu kwamba ulitakiwa kumwangalia. Jibu hilo halimtoi kwenye lawama.

Ila ujue, kuumia ndani ya nyumba yake peke yake hakutoshi kumbana. Kinachopimwa ni uzembe: alijua, au alipaswa kujua, kwamba pale pana hatari, akanyamaza? Hapo una nguvu. Kanuni za ujenzi za nchi nyingi hazitaki nafasi kati ya vyuma izidi sentimita 10 hivi, kusudi mtoto asipite. Kama bado mko hapo, chukua futi, pima, piga picha futi ikiwa imelazwa palepale kati ya vyuma. Fanya leo. Fundi akishaitwa utabaki na maneno matupu.

Soma pia maoni ya wageni waliotangulia. Kama kuna aliyelalamikia roshani hiyo, amekupunguzia kazi kubwa. Mwandikie mwenye nyumba ujumbe wenye tarehe, umuulize kuhusu bima yake, na utunze risiti zote za hospitali. Akija na vijisenti na karatasi ya kusaini (huwa wanakuja), usisaini kabla wakili hajaisoma.

Suala la uangalizi wako litaulizwa, usijidanganye, lakini mara nyingi hupunguza fidia tu. Muone wakili mapema, maana muda wa kufungua kesi una kikomo.