Kazi ya kusimamia haki za maji serikalini Idaho: jibu kwa mdau aliyeuliza

Mkuu, umesema ulikuwa kwenye bodi ya maji ya bonde kule nyumbani, sasa uko Boise, jimbo la Idaho, Marekani, na umeona tangazo la serikali ya jimbo linalotafuta mtu wa kusimamia utekelezaji wa haki za maji. Unauliza kama ni kazi ya kukimbizana na wezi wa maji, na kama uzoefu wako wa Tanzania utakufaa. Mimi nimo kwenye kazi hiyo hapa Idaho kwa miaka kadhaa. Nakujibu kwa urefu kwa sababu walionitangulia kukujibu wameielezea kama kazi ya polisi, na ukiingia na picha hiyo utaumia na utaumiza watu.

Wezi wapo. Yupo anayevunja kufuli la lango la mfereji usiku, yupo anayechimba bwawa la kupendezesha nyumba yake na kulijaza kutoka kwenye kijito bila hati yoyote. Hao ni rahisi, kwa sababu kosa linaonekana na sheria iko wazi. Kinachokunyima usingizi katika kazi hii ni siku unayolazimika kumfungia maji mtu ambaye hajavunja sheria yoyote. Hilo ndilo nataka ulielewe kabla hujajaza fomu, na ili ulielewe lazima tuanzie kwenye sheria yenyewe.

Kwetu, chini ya sheria ya usimamizi wa rasilimali za maji ya 2009, unapewa kibali na bodi ya bonde, na mgawanyo una ngazi: matumizi ya nyumbani kwanza, kisha mazingira, kisha uzalishaji. Hapa ngazi ni tarehe. Katiba ya Idaho ya 1890, ibara ya 15, inasema aliyetangulia kuyatumia maji ndiye mwenye haki iliyo bora. Kila haki ina tarehe yake ya kipaumbele, chanzo chake, mahali maji yanapochepushwa, kiasi, msimu, shamba yanapotumika na kazi yanayofanya. Mto ukipungua, hakuna kugawana upungufu. Mwenye hati ya 1900 anapata chake chote kabla mwenye hati ya 1901 hajapata tone. Mimi nimekulia Uchagani kwenye maji ya mfongo, yaani mfereji wa jadi. Ukoo uliouchimba ulikuwa na sauti ya kwanza, lakini ukame ulipokuja zamu zilifupishwa kwa kila nyumba. Kwa hiyo nilipofika hapa akili iliielewa sheria hii mapema kuliko moyo.

Habari njema ni kwamba Idaho ni moja ya majimbo ambayo karatasi zake zimenyooka. Kuanzia 1987 mahakama ilipitia haki zote za maji katika bonde la mto Snake, na hukumu ya mwisho ya jumla ikatoka 2014, baada ya madai zaidi ya 158,000. Kazi hiyo ya zaidi ya robo karne ndiyo inayonifanya mimi leo niweze kufungua faili la shamba lolote na kuona kilichoamuliwa. Jifunze kusoma hukumu hizo mstari kwa mstari. Nimeona wahandisi wazuri wa maji wakishindwa kazi hii kwa sababu waliona karatasi ni kazi ya karani.

Ujue pia miaka miwili: 1963 na 1971. Kabla ya 1963 mtu aliweza kupata haki ya maji ya chini ya ardhi kwa kuchimba kisima na kuyatumia tu, bila kuomba kibali. Kwa maji ya mtoni hali ilikuwa hivyo hadi 1971. Ndiyo maana mzee akikuambia "babu yangu alikuwa anatumia maji haya", usimkatize. Huenda ana haki halali, au aliwahi kuwa nayo ikapotea kwa kutotumika miaka mitano mfululizo. Msikilize, kisha rudi ofisini ukaangalie kama dai la familia yake lilifikishwa mahakamani.

Sasa siku yenyewe inavyokwenda. Mara nyingi huanza na malalamiko ya jirani. Kabla ya kuwasha gari unapitia hati, picha za angani za miaka tofauti, na kumbukumbu za vipimo. Ukienda shambani unaomba ruhusa, unajitambulisha, unapima, unapiga picha, unaandika. Baadaye kuna barua ya kumweleza mtu kasoro na muda wa kurekebisha. Asiporekebisha, hutolewa ilani rasmi ya ukiukaji, kuna kikao cha kuzungumza, na mara nyingi makubaliano ya maandishi. Mahakamani hufika wachache sana. Kufungua na kufunga malango ya mifereji kila siku si kazi yako. Hiyo ni ya mgawa maji wa wilaya ya maji husika, anayechaguliwa na watumia maji wenyewe, wakamlipa wenyewe, na kuthibitishwa na serikali. Mheshimu huyo mtu. Anaujua mto kuliko kompyuta zote za ofisini.

Malalamiko mengi si ya wakulima wakubwa hata kidogo. Ni ya watu walionunua nyumba yenye ekari tano nje ya mji. Sheria inaruhusu kisima cha nyumbani bila kuomba haki ya maji, ili mradi kisizidi galoni 13,000 kwa siku (kama lita 49,000) na umwagiliaji usivuke nusu ekari. Mtu anaona galoni 13,000 ni nyingi mno, anamwagilia ekari tatu za majani ya mbuzi, hajui kwamba kikomo cha nusu ekari kinasimama peke yake. Hapa nasema na ndugu zetu wanaosoma uzi huu, hasa familia kutoka Kongo zilizoko Twin Falls na Boise, ambao wengi wanatafuta kiwanja cha kufuga na kulima mboga: kabla ya kulipa, uliza haki ya maji inayoambatana na ardhi ile, namba yake, na ekari ngapi inaruhusu kumwagilia. Dalali akikwambia "kuna kisima kizuri", hajakujibu. Kisima ni tundu. Haki ni jambo lingine. Inanichoma kila ninapomkuta mtu aliyeweka akiba ya maisha yake kwenye ardhi asiyoweza kuimwagilia kihalali, wakati taarifa ilikuwa inapatikana bure kabla hajatia saini.

Kuhusu vipimo, hapa uzoefu wako utakubeba. Kama umewahi kusimama mtoni na kipima-kasi cha mkondo, basi umo. Utazoea tu vipimo vyao: futi ya ujazo kwa sekunde, ambayo ni kama lita 28, na futi-ekari, yaani maji ya kufunika ekari moja kwa kina cha futi moja, kama mita za ujazo 1,233. Kwa pampu zisizo na mita kuna njia inayotumia bili ya umeme: unapima pampu inakula umeme kiasi gani kutoa futi-ekari moja, kisha unatumia matumizi ya umeme ya msimu mzima kukadiria maji yaliyotoka. Njia hii inayumba pampu moja ikilisha mitambo tofauti ya kunyunyizia, ndiyo maana mita zinasisitizwa sana siku hizi.

Kuna pia setilaiti. Chuo Kikuu cha Idaho pamoja na idara ya maji ya jimbo walitengeneza mfumo wa kusoma joto la ardhi kutoka picha za Landsat. Shamba linalovukiza maji mengi hupoa kuliko lililo kavu, na kutokana na tofauti hiyo hukadiriwa kiasi cha maji kilichotumiwa na mimea. Mfumo huo ulipata tuzo ya ubunifu serikalini kutoka Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 2009, na ilistahili. Lakini picha haikuambii maji yametoka kwenye haki ipi. Shamba moja linaweza kuwa na maji ya mfereji na ya kisima. Lazima ufike.

Turudi kwenye lile gumu. Kusini mwa Idaho, chini ya uwanda wa mto Snake, kuna maji mengi yaliyo katika miamba ya volkeno yenye nyufa, na maji hayo hutokea kama chemchemi na kuulisha mto. Zamani mifereji ya udongo na umwagiliaji wa kufurika ulivujisha maji mengi chini, hivyo hadi miaka ya mwanzo ya 1950 kimo cha maji hayo ya chini kilikuwa kikipanda. Wakulima wakachimba visima, wengine wakahamia mitambo ya kunyunyizia inayookoa maji juu lakini hairudishi kitu chini. Tangu hapo maji hayo ya chini yamekuwa yakishuka, na chemchemi zinapungua. Wenye mifereji, kama kampuni ya mfereji ya Twin Falls yenye haki ya tarehe 11 Oktoba 1900, wanadai chao. Wenye visima ni wa nusu karne baadaye.

Mwaka 2015 pande hizo zilikubaliana visima vipunguze futi-ekari 240,000 kwa mwaka. Mvutano haukwisha. Tarehe 30 Mei 2024 ikatoka amri ya kufunga haki za visima takriban 6,400 zenye tarehe baada ya 31 Machi 1954, kwenye eneo la ekari 500,000 hivi, kufidia upungufu uliokadiriwa kuwa futi-ekari 74,100. Visima vya nyumbani havikuguswa. Mwezi Mei mwishoni, mkuu, viazi na mahindi vimeshapandwa na mkopo wa mbegu umeshachukuliwa. Wiki tatu baadaye pande zikafikia makubaliano ya msimu ule na amri ikaondolewa, na kabla ya mwaka kwisha ukatengenezwa mpango mpya.

Kipindi kile nilikaa jikoni kwa mkulima mmoja mwenye kisima cha mwishoni mwa miaka ya 1950. Mita yake safi, taarifa zake zote zimewasilishwa, hajawahi kuzidisha. Aliniuliza kosa lake. Nikamjibu ukweli, kwamba hana kosa, hati yake ni changa. Aliponyamaza sikumwekea maneno ya kumtuliza. Nilimfungulia ramani, tukaangalia pamoja kama yumo kwenye mpango wa fidia wa chama chake cha maji ya chini (mpango wa kufidia maji ya wenye hati za zamani ili kisima kisifungwe), na nini angewasilisha kesho yake asubuhi. Ninaamini hiyo ndiyo kazi. Mtu aliye mbali upande wa chini wa mto, ambaye hayupo pale jikoni, naye ana familia na hati, na hakuna mwingine wa kumlinda isipokuwa wewe mwenye kipimo sahihi. Kipimo kikiwa cha ovyo, umewadhulumu wote wawili.

Ukiitwa kwenye usaili, peleka mfano wa ripoti uliyoiandika mwenyewe kule bondeni, hata kama ni ya Kiswahili ukaifasiri: ulivyopokea lalamiko, ulivyopima, ulivyoamua. Eleza jinsi ulivyoshughulika na mtumiaji mwenye hasira. Leseni ya udereva utaihitaji, na uzoefu wa ramani za kompyuta watauuliza. Mshahara wa jimbo ni mdogo kuliko wa makampuni ya ushauri, ila pensheni ipo, na haki yake unaipata baada ya miaka mitano. Uliza pia utapangiwa bonde gani, kwa sababu ofisi ya kaskazini kwenye misitu na ofisi ya Twin Falls ni kazi mbili tofauti kabisa. Kama una chaguo, omba Twin Falls.