Windows 11 inaikataa sava yetu ya zamani

SWALI: Ofisi yetu ya mbao hapa Mafinga ina sava ya Linux ya siku nyingi. Kompyuta za Windows 7 zinafungua folda ya ankara bila shida, ila mbili mpya za Windows 11 zinagoma. Fundi anashauri tuwashe SMB1 kwenye hizo mpya. Tukubali?
Mhasibu, Mafinga

JIBU: Hapana, ndugu mhasibu, msikubali. Ni kweli mashine zitaelewana, lakini mtakuwa mmefungua mlango uliofungwa kwa sababu nzito. SMB ni utaratibu ambao Windows huutumia kugawana faili na printa, na SMB1 ndiyo toleo la kale. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipitia humo, kikafunga mafaili na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zikaahirisha hata upasuaji. Hakikuhitaji mtu abofye kitu: kikishaingia kompyuta moja, kinajirukia chenyewe hadi nyingine. Tangu mwishoni mwa mwaka ule Windows mpya huja bila SMB1.

Badala yake, rekebisheni sava. Kwenye Linux, mfumo unaoendesha sava yenu, kazi hii ya kugawana faili hufanywa na Samba, programu aliyoianzisha Andrew Tridgell huko Australia. Kwanza nakilini ankara zote kwenye diski ya nje, tena diski hiyo isilale ofisini. Kisha, jioni ambayo hakuna anayetoa ankara, fundi aandike kwenye sava amri hii ya kuonyesha toleo la Samba:

smbd -V

Likitokea toleo la 3.6, mna bahati. Linaijua SMB2 ila haliitumii mpaka liambiwe. Afungue faili la mipangilio ya Samba, smb.conf, chini ya [global] aongeze

max protocol = SMB2

halafu aiwashe Samba upya. Windows 7 nazo zinaijua SMB2, kwa hiyo zitaendelea kufanya kazi.

Toleo likiwa chini ya hapo, wekeni Linux mpya. Kuhangaika na la zamani ni kupoteza muda. Likiwa la 4 au zaidi, mimi ningeshuku folda imeachwa wazi kwa mgeni asiye na nenosiri, jambo ambalo Windows 11 za karibuni hulikataa. Kila mfanyakazi afunguliwe akaunti yake kwenye Linux, kisha apewe nenosiri la Samba kwa amri ya smbpasswd -a ikifuatiwa na jina lake. Hapo hata ankara ikifutwa, ni rahisi zaidi kufuatilia nani aliingia.

Na hizo Windows 7, Microsoft waliacha kuzihudumia Januari 2020. Zitoeni kwenye intaneti mkiwa mnatafuta za kuzibadilisha.