Msaada kwa mtoto anayeuguza

Dada, umeuliza nani wa kumsaidia binti wa jirani, wa miaka 13, anayemuuguza nyanya yake aliyepooza kwa kiharusi. Anza na mhudumu wa afya ya jamii wa hapo kijijini. Tangu 2023 serikali ya Kenya imekuwa ikiwapa mikoba yenye mashine za kupima presha na sukari, na kazi yao ni kufika nyumbani. Amfundishe binti kumgeuza nyanya kila baada ya saa mbili, na kuweka mto katikati ya magoti ili vidonda vya kulalia visimpate. Kumwinua asimwinue peke yake, ataumia mgongo.

Kwa chifu, ulizia Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa pesa wasiojiweza: wazee wa miaka 70 kwenda juu walioandikishwa hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi.

Lakini pesa hizo hazimrudishi binti darasani. Hapo ni nyinyi majirani. Gawaneni zamu za asubuhi, huyu Jumatatu, yule Jumanne, na wa kanisani au msikitini waombeni pia. Mwalimu wake aambiwe mapema, tafadhali. Watoto kama huyu hugombezwa kwa kuchelewa na hawasemi kitu.