Upepo wa kusini unatoka kusini au unaenda kusini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Binti yangu yuko fomu tuu hapa Morogoro, jiografia wanasoma kwa Kiingereza ila nyumbani namsaidia kwa Kiswahili maana ndo lugha tunayoelewana. Kwenye jaribio waliambiwa wachore upepo wa kusini (mi ndo niliemtafsiria hivo siku tunasoma), akachora mshale unaoelekea kusini, akakosa. Ningekuwa mimi ningechora hivohivo. Upepo wa kusini si ndo ule unaoenda kusini? Alafu babu yake, alikuwa baharia Kilwa, yeye anasema "kusi" tu, hasemi kusini. Ni neno moja au mawili?

Jibu: Marahaba mama. Nianze na binti maana yeye ndo ameumia. Kwa jiografia amekosa kweli, mwalimu wake yuko sahihi, upepo unaitwa kwa jina la kule unakotoka, kwahiyo upepo wa kusini unatoka kusini na mshale wake kwenye ramani unapanda kuelekea kaskazini. Lakini kwa Kiswahili hajavunja kanuni yoyote, hiyo "wa" ameisoma kama anavyoisikia kila siku stendi.

Hebu simama pale Msamvu asubuhi. Konda anaita "Dodoma Dodoma Dodoma", na lile gari watu wote wanaliita basi la Dodoma, na linaitwa hivo kwasababu linaenda Dodoma. Daladala ya Mwenge inaenda Mwenge. Sasa geuka kidogo, pembeni ya basi hilohilo kuna mama anauza machungwa ya Muheza, mwenzake ana asali ya Tabora. Yale machungwa hayaendi Muheza, yametoka Muheza. Umeona? Neno ni lilelile, "la Dodoma", "ya Muheza", huku linaonesha kitu kinakoenda na kule kinakotoka, na sisi hatuchanganyikiwi manake tunajua mabasi yana safari na machungwa yana shamba. Hiyo -a ya uhusiano inachofanya ni kufunga vitu viwili pamoja basi, namna vinavyohusiana unaijua mwenyewe kwa kukijua kitu chenyewe. Binti aliusoma upepo kama basi wakati upepo ni machungwa.

Sasa kusi. Hapa ndo babu yake ana hazina na ningependa sana huyo mtoto akae nae hata nusu saa.

Kusi na kusini ni neno moja lililozaa lingine, na lililozaa ni kusi. Kusi ni upepo. Ni ule wa msimu unaovuma pwani yetu kuanzia Aprili au Mei hivi mpaka Septemba, ukishika nguvu mwezi wa sita na wa saba bahari inachafuka na ngalawa ndogo zinalala ufukweni. Mwenzake ni kaskazi, huo unashika kama Disemba mpaka Machi, wa joto, na ndo ulioleta majahazi kutoka Oman, Ghuba na India, yakauza yakanunua, yakasubiri upepo ugeuke kuwa kusi ndo yarudi makwao. Chukua kusi utie ile -ni ya mahali, ileile ya nyumbani na shambani, unapata kusini, yani kule kwenye kusi, kule kusi inakotokea. Kaskazi ukitia -ni ni kaskazini. Kwahiyo watu wa pwani waliujua upepo kwanza, upande wa dunia ukapewa jina la upepo wake. Na ile kanuni iliyomkosesha binti, kwamba upepo huitwa kwa unakotoka, imo ndani ya neno kusini lenyewe, iko humo miaka yote kabla hata ya kidato cha pili.

Watu huuliza mbona hatusemi masharikini. Ni kwasababu mashariki na magharibi yametoka Kiarabu yakiwa tayari majina ya mahali, mahali jua linapochomoza na mahali linapozama, kwahiyo hayana haja ya -ni. Na mabaharia wa zamani walikuwa hata na majina mengine ya pande hizi mbili za kwetu, kaskazini waliita jaa au jaha kwa ile nyota isiyohama, na kusini suheli, nayo ni nyota. Muulize babu kama aliyasikia.

Ila kuna kitu kimoja cha kumtahadharisha mtoto. Kusi haitoki kusini kabisa, yani nyuzi 180 kwenye dira. Huku kwetu Tanzania inatokea kusini mashariki, na ikivuka ikweta, ambayo pwani inaikuta huko Somalia karibu na Kismayu, inapinda na kuwa upepo wa kutoka kusini magharibi mpaka Arabuni na India. Sababu ni dunia kuzunguka: kusini ya ikweta upepo unasukumwa kushoto kwa unakokwenda, kaskazini ya ikweta unasukumwa kulia. Upepo ni huohuo na babu angeuita kusi tu, lakini kwenye mtihani akiambiwa ataje uelekeo, aangalie kwanza swali linazungumzia Dar es Salaam au Mogadishu.

Mkondo wa bahari sasa, hapa wanafunzi wanaanguka wengi. Mkondo unaitwa kwa jina la unakoenda! Ule unaopita pwani yetu unaelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi unakimbia zaidi kwasababu upepo unausukuma mgongoni. Mtaalamu wa bahari akisema mkondo wa kaskazini ana maana ya maji yanayoelekea kaskazini, wakati upepo wa kaskazini ni unaotoka huko. Kwahiyo mkondo ni basi la Dodoma. Ukifikiria kama nahodha utaona walioweka hivi hawakukosea, upepo unataka kujua umetoka wapi manake ndo unajua umebeba nini, joto, baridi au mvua, na tanga utalielekeza vipi, lakini maji unachotaka kujua ni yatakupeleka wapi.

Marehemu baba alikuwa mvuvi Pangani na sijawahi kumsikia akisema upepo wa kusini hata siku moja. Alikuwa anasema "kusi imekaza" au "upepo unatoka Msumbiji huo", na kitenzi kile, unatoka, ndo dawa ninayokupa wewe mama. Unapomtafsiria mtoto acha kutegemea hiyo "wa" peke yake, sema upepo utokao kusini, au unaovuma kutoka kusini. Mkondo useme unaoelekea kaskazini. Neno moja limeongezeka na mashaka yote yameisha, na hata akirudi kwenye Kiingereza chake picha anayo kichwani.

Vifaa navyo vinachanganya hivohivo. Ule mshale wa chuma unaozunguka juu ya nguzo kwenye kituo cha hali ya hewa, ncha yake inaangalia upepo unakotoka, lakini ule mfuko wa kitambaa wa uwanja wa ndege, mdomo wake mpana ndo uko upande upepo unakotoka na mkia unapeperukia unakoenda. Mtoto akiona mkia umelala kaskazini aandike upepo unatoka kusini. Na ule mchoro wenye mikono mikono inayotoka kwenye duara katikati, mkono mrefu unaonesha upande ambao upepo umetokea mara nyingi zaidi, usiusome kama mshale wa safari.

Niongeze moja ambalo hukuuliza maana uko Morogoro na mlima unauona ukifungua mlango. Kuna swali la mvua za milimani, upande mmoja unanyeshewa sana na mwingine unabaki na kivuli cha mvua, na vitabuni pande hizo utakuta zimetafsiriwa kwa maelezo marefu, "upande unaokabiliana na upepo", "upande uliokingwa na upepo". Sawa, yanaeleweka. Lakini mabaharia walishakuwa na maneno mafupi: upande wa chombo unaopigwa na upepo ni goshini (wengine wanasema joshini), na upande wa pili, uliokingwa, ambako upepo unaelekea ni demani. Mimi darasani nayatumia kwa milima na wanafunzi wanayashika papo hapo. Ukienda Uluguru upande wa mashariki, kule Matombo na Kinole, uko goshini, unaopokea upepo wenye unyevu wa bahari, ndo maana kumejaa migomba na viungo na matope ya kudumu. Ukivuka kuelekea magharibi uko demani, mvua imepungua. Kilimanjaro vilevile, Machame na Marangu kusini kunanyesha kuliko upande wa kaskazini kule Rongai. Najua maneno haya hayamo kwenye mtaala na sisemi mtoto ayaandike kwenye mtihani wa Kiingereza, nasema ayatumie kufikiri, manake ni yetu na yametengenezwa na watu ambao wakikosea uelekeo wa upepo walikuwa wanazama.

Kwenye daftari la masahihisho basi aandike hivi: "Upepo utokao kusini huvuma kuelekea kaskazini. Mkondo uelekeao kusini hutoka kaskazini." Alafu achore mishale miwili chini yake, ule wa upepo unapanda, ule wa mkondo unashuka, na jioni ampigie babu simu amuulize saivi kuna upepo gani.