Kichefuchefu kwenye gemu za risasi

SWALI: Nikicheza gemu za kurushiana risasi kwenye banda la gemu hapa Ujiji, robo saa haiishi kichwa kinagonga na kichefuchefu kinanibana. Gemu za mpira hazinisumbui. Tatizo nini?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Pole sana. Macho yanaona unakimbia na kugeuka, ila sikio la ndani, linalopima mwendo, linasema umetulia. Ubongo unapata habari mbili zinazopingana. Mpira unautazama kwa mbali kutoka juu, ndiyo maana huugui.

Fungua mipangilio, tafuta upana wa pembe ya kuona (Field of View au FOV), yaani eneo unaloonyeshwa kwenye skrini kwa mara moja. Ukikuta nyuzi 60 au 70, panda taratibu hadi 90. Hili ndilo la kwanza kabisa kujaribu. Zima mtikisiko wa kamera na ukungu wa mwendo (motion blur, picha kufifia unapogeuka), punguza kasi ya kugeuka. Picha ikikwamakwama, shusha ubora wa michoro hadi zipite fremu (picha) 60 kwa sekunde. Keti mita 2 kutoka kwenye skrini, taa ikiwaka.

Ukianza kupiga miayo, mate kujaa au jasho jembamba kutoka, acha hapohapo, utazame mbali nje. Usijikaze: kichefuchefu kitazidi na kinaweza kukaa saa kadhaa. Ukirudi, anza na dakika 10. Kichwa kikiuma hata bila gemu, kapime macho.