Kabla hujashika chaki ya Ellis Island

Wiki iliyopita nilichungulia kipindi cha baada ya shule cha mwalimu msaidizi mgeni, hapa Marekani, akifundisha historia ya uhamiaji. Ametandika karatasi ndefu ukutani, juu kaandika "Wazee wetu walifika kwa meli", na watoto wanachora meli zenye bendera. Nusu yao wamezaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, wakaja kwa ndege. Wengine ni Wamarekani weusi, na meli ya wazee wao haichorwi na bendera. Niliondoka nimekasirika, hadi nikakumbuka kwamba nami nilianza vivyo hivyo. Wadogo zangu mnaoanza kazi hii mwaka huu, nawaandikia ninyi.

1. Usianzie Ellis Island, kile kituo cha kupokea wahamiaji bandarini New York. Ukianzia 1892 umewaruka wenyeji wa nchi, na umewaruka Waafrika walioshushwa Virginia mwaka 1619 wakiwa mateka. Waambie watoto siku ya kwanza: wapo waliokuja, wapo walioletwa, wapo waliokutwa. Darasa la tatu wanalielewa hilo bila shida.

2. Mwaka ufunge kwenye kitu wanachokijua. Msichana wa Ireland, Annie Moore, ndiye aliyeandikishwa wa kwanza kituo cha Ellis Island kilipofunguliwa tarehe 1 Januari 1892. Darasani kwangu watoto watano, kwa makaratasi, wamezaliwa 1 Januari, kwa kuwa kambini asiyejua tarehe yake huandikiwa hiyo. Nilipotaja tarehe ya Annie, mmoja akaruka juu ya kiti: "Mwalimu, huyo ni mwenzetu!" Hakuna aliyeusahau mwaka ule tena.

3. Usiigize ukaguzi. Hapa nivumilieni, nitakaa.

Mnajua kwamba madaktari wa Ellis Island waliwatia wahamiaji alama za chaki kwenye nguo: H ya moyo, L ya kuchechemea, E ya macho. Mwaka wangu wa pili niliona hiyo ni zana nzuri kuliko zote, tena haina gharama. Nikapanga madawati kama foleni, nikavaa koti jeupe, nikawapitisha mmoja mmoja. Walicheka sana. Nikafika kwa binti wa miaka tisa, nikamwandika E begani, nikamwambia kwa sauti nzito: "Wewe utarudishwa. Mdogo wako apite."

Hakulia. Alivua sweta, akalikunja vizuri, akaliweka mezani kwangu. Kisha akauliza kwa Kiswahili, pole pole: "Mwalimu, na mama mkubwa walimwandika herufi gani?"

Mama mkubwa ndiye aliyemlea. Kwenye medikali ya safari alikutwa na kifua kikuu, akaambiwa atibiwe kwanza. Kesi za wengine zikaendelea, wakapanda ndege bila yeye. Ulikuwa mwaka wa pili huo wanamsubiri. Yule mtoto aliamini kwamba mimi, mwenye koti jeupe na chaki, lazima nijue kilichoandikwa.

Jioni nilikwenda kwao kuomba radhi. Mama yake alinipa chai na chapati, hakunilaumu hata kwa neno moja. Alisema tu, "Ungeuliza, Mwalimu. Tungekueleza." Sikuweza kuimaliza chai. Nilikuwa na namba yake ya simu tangu Septemba, nikimpigia mtoto akichelewa tu.

Hata hesabu nilikuwa naifundisha vibaya. Nilizoea kusema waliorudishwa Ellis Island ni wachache, kama 2 katika 100. Kituo kilipitisha watu wapatao milioni 12 hadi kilipofungwa 1954. Siku hizi tunapiga hesabu pamoja ubaoni, na baada ya jibu nanyamaza kidogo, nawaacha watoto waseme.

4. Wapelekeni na Angel Island, kituo kingine cha wahamiaji, kule San Francisco, 1910 hadi 1940. Sheria ya 1882 iliwafungia mlango vibarua wa Kichina, na waliozuiliwa kisiwani, wengine kwa miezi, walichonga mashairi kwenye kuta za mbao. Watoto wetu wanajua vina na mizani. Wape ubeti mmoja waujibu, mtashangaa.

5. Majina ya wahamiaji hayakubadilishwa Ellis Island, ingawa wengi husimulia hivyo. Makarani walifuata orodha ya meli.

6. Mgao wa 1924 (idadi ya wahamiaji walioruhusiwa kwa kila nchi), kuondolewa kwake 1965, sheria ya wakimbizi ya 1980: zitundikeni ukutani kwa mstari, kila mtoto atafute familia yake iliingilia mlango upi.

7. Ule mfuko mweupe wa IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, wenye makaratasi ya safari, bado umehifadhiwa kabatini kwa familia nyingi. Mtoto akitaka mwenyewe kuuleta, mpeni kipindi kizima. Asipotaka, msimwombe.

Na wewe mwenye karatasi ndefu, usiichane. Jumatatu njoo nusu saa kabla ya watoto, nitaleta kalamu. Tutaigeuza, upande wa pili tuache wazi pale juu, kichwa waandike wao.